Tuambieni mlichochanganya kwenye unga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wenye mashine za kusaga, wauzaji wa unga wa uji, wapishi wa shule na kila anayempa mtoto wa mwenzake chakula kwa upendo. Mtoto wangu wa pili, binti ambaye sasa ana miaka 9, ana ugonjwa wa siliaki. Mimi mwenyewe ninao pia, ingawa nilijua baada yake. Ugonjwa huu hauna sindano wala kidonge. Dawa yake ni kuacha ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai maisha yote, kwa sababu nafaka hizo zina protini iitwayo gluteni, ambayo kinga ya mwili wa mgonjwa huipokea kama adui na, katika kupigana nayo, huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula huchakaa na kulala, na mtu hubaki na njaa ya mwili ilhali sahani yake imejaa.

Kabla ya kulijua jina hilo tulihangaika kwa miaka miwili. Mtoto alikuwa na miaka 3 ilipoanza, tumbo limejaa kama ngoma, mikono na miguu imekonda, na hazikupita siku mbili bila kuharisha. Alipewa dawa za minyoo hadi nikapoteza hesabu, akatibiwa homa ya matumbo, akatibiwa amiba, akapimwa virusi vya UKIMWI mara tatu, na kila nilipotoka zahanati niliona natazamwa kama mama asiyejua kulisha. Katika ukoo lilitajwa jicho baya. Siwalaumu waliolitaja, kwani mtu asiyeona sababu huitafuta popote. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa nikimlisha kwa bidii, na kile nilichomlisha kwa bidii ndicho kilichokuwa kikimwumiza: mkate na maziwa asubuhi, chapati jioni kwa kuwa aliipenda, na uji wa unga wa lishe ambao muuzaji aliniambia ni wa ulezi, soya na karanga. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa akiongeza ngano ili uji uwe laini.

Daktari aliyetufumbua macho tulimkuta Kampala, baada ya kusafiri kwa basi la usiku kutoka hapa Arua. Hakuanza na tumbo la mtoto, alianza na sahani yake: anakula nini, saa ngapi, na baada ya kula inakuwaje. Nilimweleza kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemwachisha mkate kwa ushauri wa jirani na kwamba mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu. Nilidhani atanisifu. Akasema kwa upole kwamba hapo ndipo tulipojifungia mlango, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa wakati ngano ingali inaliwa, na ikiachwa kingamwili hizo hupungua, hata kipimo kikaweza kusema hakuna ugonjwa ilhali upo. Mzazi yeyote anayesoma hapa na kuanza kushuku, nakuomba usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa.

Sisi ilitubidi turudi nyumbani tukamrudishie mkate kwa wiki sita. Kila asubuhi nilikata vipande viwili, nikavipaka siagi, nikaketi mbele yake mpaka avimalize, huku najua kwamba kabla ya adhuhuri atakuwa amejikunja mkekani ameshika tumbo. Wiki ya tatu aliniuliza, “Mama, leo pia lazima?” Nikamwambia lazima. Nimezaa watoto watatu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na bado sikumbuki kazi iliyonishinda nguvu kama ile ya kukata mkate.

Damu ilionyesha, na kipande kidogo cha utumbo kilichochukuliwa kwa mpira wenye kamera kikathibitisha. Kisha daktari akaagiza nyumba nzima tupimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, na kati ya wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa, takriban mmoja kati ya 10 huwa nao pia. Kaka na mdogo wake hawakuonekana nao. Nilionekana mimi. Tumbo halikuwahi kunisumbua sana, ila katika mimba zote tatu nilimeza vidonge vya kuongeza damu na damu haikupanda, nikawa naambiwa simezi. Nilikuwa namezea utumbo usioweza kupokea. Huu ni mwaka wa nne bila ngano, na damu yangu imekaa sawa.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Duniani kote hukadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya 100 anayo, wengi wao bila kujua, na miongoni mwa watu waliopatikana nayo kwa wingi kupita wote ni Waafrika wenzetu, Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ambao watoto wao waliopimwa walikutwa nayo kwa kiwango cha kama watano au sita kati ya 100. Wagonjwa wapo pia Sudan. Wazungu nao waliielewa kwa taabu: daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameshaishuku ngano, na katika njaa kuu ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika kwa sababu ya vita, watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena.

Nasema haya kwa sababu huruma tunayopewa mara nyingi inakosea njia. Watu hutuhurumia kwamba hatuna cha kula. Jamani, chakula cha nyumbani kwetu karibu chote ni salama. Unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, ambao hapa tunauita enyasa, hauna gluteni. Hali kadhalika posho, yaani ugali wa mahindi, matoke, wali, viazi vitamu, maharage, samaki, nyama na simsim. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu kwa muhogo na magimbi, tukaandaa vitumbua vya mchele na bagia za kunde, na wageni hawajui kwamba wamekula chakula cha mgonjwa. Kuna unga maalumu kutoka nje unaouzwa kwenye maduka makubwa ya Kampala kwa bei isiyoshikika, na sisi hatuununui. Nyumbani tuliamua kwamba jiko liwe moja. Kibao cha kusukumia chapati na miiko ya mbao tuliwapa majirani, kwa sababu mbao hushika unga hata ikioshwa, na mume wangu chapati yake anaila nje, akarudi akanawa mikono kabla ya kumbeba mtoto. Hakuna aliyemlazimisha.

Kinachotushinda ni ngano inayoingia bila kutajwa. Siku moja nilisimama kwenye mashine ya kusaga nikisubiri zamu yangu. Mteja aliyenitangulia alisaga ngano, na mara alipofunga mfuko wake, mtama wangu ukamiminwa. Unga wa kwanza uliotoka ulikuwa mweupe. Ulitoka mweupe kwa muda, kisha ndipo wekundu wa mtama ukaanza kuonekana. Huo weupe ulikuwa unakwenda kwenye sufuria ya binti yangu. Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kinasema chakula kiitwacho kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Nimelipigia hesabu jambo hilo kwa kipimo cha jikoni, na nimeona kwamba kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano katika gunia la kilo 50 kinakaribia kuufikia mpaka huo. Kwa hiyo mama mkwe anaposema, “Mpe kidogo tu, kidogo hakidhuru,” anasema kwa mapenzi, na mimi nalazimika kumnyima mjukuu wake mkononi mwake.

Mwenye mashine nilipomweleza hakunicheka. Tulikubaliana kwamba mimi nisage Jumatatu asubuhi kabla ya mtu mwingine, baada ya yeye kufagia mdomo wa mashine, na kilo mbili za mwanzo ninawapa kuku. Nimemgharimu dakika kumi kwa wiki.

Shuleni ilichukua muda mrefu zaidi. Kanuni inakataza mtoto kuja na chakula chake ili wengine wasitamani, na naielewa kanuni hiyo. Hata hivyo uji wa mapumziko ulikuwa wa unga usiojulikana, na ilibidi tupeleke barua ya daktari mara mbili ndipo binti yangu akaruhusiwa kubeba chupa ya uji wake. Posho na maharage tulidhani havina neno, mpaka wiki ambayo aliharisha siku tatu mfululizo. Nilikwenda jikoni kuuliza. Mpishi, mama mtu mzima, akakumbuka kwamba mchuzi wa maharage ulikuwa mwepesi, naye akakoroga vikombe viwili vya ngano ili watoto washibe. Alilia aliposikia. Tangu siku hiyo humtolea binti yangu maharage kwanza, kisha ndipo akaongeza anachotaka kuongeza, na hatujapata tatizo tena kutoka sufuria ile. Naziomba shule nyingine, hasa za bweni ambako mzazi hawezi kufika jikoni, zisisubiri mtoto augue ndipo zisome barua ya daktari.

Kwa vyakula vya pakiti, Codex inataka nafaka zenye gluteni zitajwe waziwazi kila zinapotumika, na ningependa wakaguzi wa Shirika la Viwango la Uganda waangalie kwa jicho hilo pakiti za viungo vya mchuzi na za unga wa lishe. Lakini wengi wetu hatununui pakiti. Tunanunua unga unaopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, na unga huo hauna maandishi mengine ila mdomo wa muuzaji. Ndiyo maana kila ninaponunua nauliza swali lilelile: kuna ngano humu, au chombo hiki kimewahi kushika ngano? Wauzaji wengine hudhani nawatuhumu kwamba wanaghushi, wakajibu haraka kwamba hakuna. Siwatuhumu. Kuongeza ngano kwenye uji si kosa, na watoto wengi inawafaa. Ninachoomba ni jibu la kweli, hata kama jibu hilo litawafanya nisinunue kwao siku hiyo.

Mama wa watoto watatu,
Arua