Kwa Makalasinga wadogo mlioanza kujifunza Kipunjabi ukubwani

Wanangu wa Nairobi, Nakuru, Kisumu na Mombasa, pamoja nanyi mlioko Uingereza na Kanada ambao Kiswahili bado hakijawatoka,

Sat Sri Akal. Nimesikia mmeanzisha darasa la watu wazima, Jumapili baada ya langar, ule mlo wa pamoja wa hekaluni kwetu. Nimesikia pia mlianza ishirini na sasa mmebaki saba. Hao kumi na watatu ndio walionifanya nichukue kalamu.

Najua kilichowakimbiza. Nilikuwepo siku kijana mmoja, fundi hodari wa magari, alipomuaga shangazi yake kwa kusema "main jaandi haan". Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kiswahili hakijali: mume husema naenda, mke husema naenda. Kipunjabi kinajali, mwanamume husema jaanda, mwanamke jaandi. Lakini kijana yule Kipunjabi chake chote alikipata jikoni kwa nyanya yake, basi anasema kama nyanya yake. Aseme kama nani? Wazee wenzangu, tuliocheka ni sisi, na Jumapili iliyofuata hakurudi. Nimemwendea gereji kumwomba radhi.

Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma nikiwa na miaka 56. Kuongea nilijua, kile Kipunjabi cha nyumbani Kisumu, nusu yake fagio, kisu na sufuria. (Nilipofika Jalandhar, kule Punjab ya India, mara ya kwanza nikaomba fagio, binamu wakatazamana. Mpaka siku ile nilidhani fagio ni neno letu.) Herufi sikuzijua hata moja. Nilinunua kitabu cha watoto chenye picha ya embe, ambalo kwetu ni amb, nikakaa na mjukuu wangu wa miaka sita, naye akanishinda. Herufi za Gurmukhi, mwandiko wetu wa Kipunjabi, ni 35, ndiyo maana zinaitwa painti, yaani thelathini na tano. Juu yake kuna alama za irabu na herufi chache za nukta zilizoongezwa baadaye. Kwa miezi minne, nusu saa kila alfajiri kabla ya chai, nilikuwa nasoma. Polepole, kwa kidole, lakini nasoma.

Sasa niwaambie kwa nini nilijisumbua. Babu yangu aliletwa kujenga reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Wenzake wengi walirudi, yeye akabaki. Alituachia sanduku la bati lenye barua kutoka kwa kaka yake mkubwa kijijini. Hakuna aliyewahi kulifungua, kwa kuwa hakuna aliyejua kusoma. Nilipomaliza painti nikalifungua kwa mbwembwe, familia yote imekaa. Nikatoa barua ya kwanza, nikakuta herufi zinatoka kulia kwenda kushoto. Si Gurmukhi! Zama za Mwingereza shule za Punjab zilifundisha Kiurdu, na Kalasinga aliyesoma shule aliandika kwa herufi za Kiajemi kama jirani yake Mwislamu. Hadi leo upande wa Pakistan Kipunjabi huandikwa hivyo, na mwandiko huo huitwa Shahmukhi.

Nilizipeleka Mombasa, kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu utotoni. Kipunjabi hajui hata neno. Alisoma sauti tu, silabi moja moja, akikwama, akirudi nyuma, na mimi nikawa naikamata maana kwa sikio. Siku tatu tulikaa barazani na kahawa chungu. Kisima kimechimbwa upya. Nyati wa kufugwa amezaa ndama jike. Mbona huandiki? Barua ya pili: mbona huandiki? Ya nne, vilevile. Mzee wangu akaweka karatasi chini akauliza, "Hivi aliwahi kumjibu?" Sikuwa na la kusema.

Basi shauri langu ni hili. Acheni kujifunza kwa ajili ya "asili". Asili haina simu, haijibu. Chagua mtu mmoja aliye hai, bhua (shangazi) yako aliyebaki peke yake, au yule nani (bibi mzaa mama) aliye Birmingham anayesinzia mbele ya televisheni, kisha ujifunze maneno ya kuongea na huyo tu. Programu za simu zitakufundisha kuagiza chumba cha hoteli Amritsar. Nani yako hataki chumba cha hoteli. Anataka kuulizwa goti linaendeleaje.

Wala hamwanzi mikono mitupu. Dunia, kitabu, kalamu, hisabu, pesa, rangi: tamka mbele ya Mpunjabi yeyote, ataelewa. Kipunjabi kinamtenga baba mkubwa na baba mdogo, mjomba na shangazi, kama Kiswahili. Kiingereza ndicho kinachowatupa wajomba wote gunia moja. Ila jihadharini na majina yenyewe. Dada ni babu mzaa baba. Mama ni mjomba. Kaka ni mtoto mdogo wa kiume, taya ni baba mkubwa, na chacha ni baba mdogo hata kama hajachacha. Mjukuu wangu aliwahi kumwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba mama yake ana ndevu.

Na "pairi pauna" mnayoionea haya, maana yake nagusa miguu yako. Wazee wa Kiswahili huwaeleza watoto kwamba shikamoo ni nashika miguu. Mnaisema kwa majirani kila siku. Isemeni na nyumbani.

Sauti ndizo zitakazowatesa. Ghora ni farasi, kora ni mjeledi, kohra ni mwenye ukoma, na katika masikio ya mgeni yote matatu ni neno moja, kwa kuwa tofauti iko kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Hapa kitabu hakikusaidii. Keti na mtu. Waliokulia Mombasa wana nafuu kidogo kwenye herufi za pumzi, kwa kuwa wanajua paa la nyumba halitamkwi kama paa wa mwituni.

Hukmu ya makosa tumeshakubaliana wazee watano: atakayecheka Jumapili ataosha sufuria za langar, zote, na zile kubwa.

Mimi nitakuwa jikoni kwenye tawa, kikaango cha chapati, kuanzia saa nne. Anayetaka kujaribu aje anikunjie chapati, aniulize goti langu. La kushoto ndilo baya.

Mzee wenu wa Kisumu