Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha: wafiwa nao waambiwe

Ndugu Daktari,

Salaam kutoka Arumeru. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Siku zangu zinaisha kwenye mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto. Mirathi ndiyo iliyonisukuma kukuandikia. Naletewa cheti cha kifo cha mwanamke kijana, nauliza alifariki kwa nini, naambiwa "uzazi", basi.

Kuna mama alinifungulia mfuko mezani. Ndani mlikuwa na kanga mbili zilizofuliwa, risiti ya glovu na pamba, na kadi ya kliniki ya mkwewe. Tarehe za mahudhurio zimejazwa vizuri kwa wino wa bluu, ila mahali pa kuandika wingi wa damu ni patupu toka juu mpaka chini. (Kuhusu ile risiti: Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma kwa wajawazito ni bure. Tuyaache hayo kwa leo.) Alichokijua ni kwamba mkwewe alijifungua jioni, mtoto mzima, kisha akaanza kutokwa na damu, gari la rufaa likachelewa, na kulipokucha muuguzi akamwambia ni mipango ya Mungu. Hakuja kutafuta wa kumshitaki. Alitaka kujua kama kwenye friji ya kituo kulikuwa na damu au hapakuwa nayo.

Daktari, wewe unajua kwamba jibu la swali hilo huwa linaandikwa. Mwongozo wa Wizara unataka kila kifo cha uzazi kitolewe taarifa ndani ya saa 24, kisha kikao cha mapitio kikae: mama alifika saa ngapi, nani alimpokea, dawa ya kuzuia damu ilichomwa lini, rufaa ilikwama wapi. Ni utaratibu mzuri, nausifu bila kinyongo. Kasoro yake ni kwamba familia, ambayo mara nyingi ndiyo inayojua saa ambayo uchungu ulianza na nani alipigiwa simu akakosa kupokea, hairudishiwi chochote.

Najua mtajibu nini. Wauguzi wakijua karatasi ile itatoka nje, wataficha. Hoja hiyo ina uzito, na mimi sitaki majina. Mkunga aliyekuwa peke yake zamu ya usiku na wazazi watano si yeye aliyeacha friji tupu. Kumtoa kafara hakuongezi hata chupa moja ya damu. Lakini kuficha jina la mkunga ni jambo moja, kumficha mfiwa sababu ya msiba wake ni jambo jingine kabisa.

Nisionekane mtovu wa shukrani. Takwimu za kitaifa zinaonyesha tumetoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito unaopigiwa namba 115, umewafikisha wengi hospitali. Ila wastani wa taifa haumjibu yule mama.

Juni 2009 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba vifo vya uzazi vinavyozuilika ni suala la haki za binadamu. Maana yake kwetu huku ni kwamba mjamzito anadai, haombi, na mwenye wajibu lazima ajieleze. Huko Brazil, Alyne da Silva Pimentel alifariki 2002 akiwa na miaka 28, baada ya kuhamishwa hospitali bila kumbukumbu zake za matibabu na kulazwa kwenye korido kwa saa nyingi. Mama yake mzazi hakukubali kunyamaza. Mwaka 2011 kamati ya mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia 1985, iliona kuwa Brazil ilikiuka haki zake. Sisi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa hapa mjini Arusha, lakini 2019 serikali iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishitaki huko, na tangu Novemba 2020 mwananchi hawezi kuipelekea shauri jipya moja kwa moja. Ndiyo maana nabisha hodi kwako kwanza.

Naomba hivi: kabla kikao cha mapitio hakijakaa, ndugu wa marehemu wasikilizwe. Kikishamaliza, waitwe mahali pa faragha, waelezwe kwa Kiswahili cha kawaida nini kilitokea na nini kitabadilishwa, na wapewe hayo kwa maandishi, ukurasa mmoja, bila jina la mtumishi yeyote. Miezi kadhaa baadaye, kituo kiseme wazi kwenye mkutano wa kijiji kama hayo mabadiliko yamefanyika.

Sioni kama jambo hili linahitaji fedha mpya. Waraka wako kwa waganga wakuu wa wilaya ungetosha kulianza. Na kama kuna kifungu kinachokufunga mikono, kitaje hadharani, ili tujue tumwandikie nani barua inayofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria, Arumeru