Mughal-e-Azam ya Bimkubwa

Shoga yangu Salma,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, na Mwanaisha anakusalimu sana. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu umesema yule kijana wa dukani keshakutilia ule mkanda wa Kihindi, Mughal-e-Azam, wa rangi kwenye flashi. Tafadhali, usimwonyeshe Bimkubwa hiyo.

Mkanda wenyewe ulitoka 1960, na sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe. Huo wa rangi mwanzo mpaka mwisho ni wa 2004: picha zilipakwa rangi kwa kompyuta, muziki wa nyuma ukarekodiwa upya, na nyimbo mbili zikaondolewa. Kabla hujalipa, tazama urefu. Wa asili una kama dakika 197. Ukikuta 177, ndio huo uliopakwa.

Nyimbo ni hasara, lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Bimkubwa akihadithia lile onyesho la wanawake Unguja, hahadithii vita wala mfalme Akbar. Anahadithia pale Anarkali, yule mcheza ngoma wa kasri, anapoinuka kucheza kwenye ukumbi wa vioo na rangi zikaingia ghafla, watu wakapiga vigelegele. K. Asif, mwongozaji wake, alipoipata rangi alitaka kuupiga mkanda wote upya, wasambazaji wakachoka kungoja. Ikabaki ngoma hiyo na sehemu ya mwisho tu. Na ukumbi ule ulikuwa kazi: ujenzi wake ulichukua kama miaka miwili, kisha vioo vikawa vinarudisha taa kwenye kamera, picha haionekani. Wakavipaka nta nyembamba, na mpiga picha, R.D. Mathur, akautuliza mwanga kwa vitambaa. Ndipo tukamwona Madhubala, aliyeigiza Anarkali, amejaa dari zima kwenye vioo, anamwimbia mfalme kuwa aliyependa aogope nini! Mtu akishatazama rangi kwa saa nzima na zaidi, ngoma ile itampita kama ngoma nyingine yoyote.

Fuad asikudanganye kwamba utashusha rangi ya televisheni mpaka sifuri ukapata ule wa zamani. Ngoma ya vioo nayo itakuwa ya kijivu, na nyimbo zilizokatwa hazitarudi.

Ukishaupata wa asili, weka televisheni kwenye umbo la 4:3, uache weusi kulia na kushoto. Wakiikuza picha ijae kioo, vichwa na miguu ya wachezaji vitakatwa, na ngoma bila miguu ni nini? Zima ule mpangilio wa rangi kali. Unazifanya nyuso nyeupe pe na vivuli vyeusi tititi. Sauti ya zamani ni nyembamba, kwa hiyo punguza besi ya spika, la sivyo maneno ya Prithviraj Kapoor, aliyeigiza Akbar, yatavuma tu. Pumziko liwe baada ya kawali, ule wimbo wa kushindana, Salim mwana wa mfalme akishampa Bahar, mpinzani wa Anarkali, ua na Anarkali miiba. Chai inywewe hapo, ili ngoma ya vioo ikifika asiwepo mtu jikoni.

Sasa niambie: Bimkubwa macho yake vipi baada ya ile operesheni, anasoma tafsiri za chini au atataka mtu amsomee? Bi Zuhura anakuja? Bado anazijua kwa moyo nyimbo alizoimba Lata humo? Na flashi hiyo, kijana atakubali kuibadilisha, au nikutafutie nyingine huku nimpe Mwanaisha Ijumaa?

Wako,
Rukia