Kinjeketile hamalizwi kwa neno "jasiri"

Mhariri,

Ukurasa wenu wa wanafunzi umechambua wahusika wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayohusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, kwa jedwali. Kinjeketile: jasiri, mzalendo, mwenye msimamo. Kitunda: shupavu. Maji: ishara ya umoja. Basi, kwisha. Nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na jedwali hilohilo nimelikuta kwenye madesa ya mjukuu wangu wa kidato cha sita, hata mpangilio wa sifa haukubadilika.

Huku Rufiji, Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile Ngwale, mtu wa kweli wa historia, ni kijiji tunachokijua. Yeye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Hussein, alipoitoa tamthilia hiyo mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani, asichanganywe na yule wa historia. Wachambuzi wengi wanairuka tahadhari hiyo, kisha wanamsifu mhusika kana kwamba wanaandika risala ya Siku ya Mashujaa.

Mwenye msimamo? Mtu huyu anatafunwa na shaka. Watu wanashangilia dawa, yaani yale maji wanayoamini yatawakinga na risasi, yeye anakumbushwa maneno yaliyomtoka akiwa amepandwa na pepo Hongo: wakishawashinda Wajerumani, watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Yaani wamtoe bwana mmoja wamkaribishe mwingine! Anataka watu wangoje. Hawangoji. Hapo ndipo anapolalamika kwamba neno alilolizaa mtu limekua hadi likamzidi nguvu mzazi wake. Ukimwondolea shaka hiyo, unabaki na sanamu.

Na maji je? Umoja, ndiyo, watu waliokuwa hawaaminiani wanakubali kusimama pamoja. Lakini maji hayohayo ndiyo yanayowapeleka kifua wazi mbele ya bombomu, bunduki za rashasha. Boma la Wajerumani la Mahenge, Agosti 30, 1905, lilionyesha dawa ilivyoshindwa kufanya kazi. Ishara hii inawaunganisha watu na kuwaua, na Hussein hakutupa ruhusa ya kuchagua upande tunaoupenda. Mwanafunzi anayeandika "umoja" akapewa alama zake zote amesoma nusu ya tamthilia.

Kitunda naye ameonewa. Ni mkulima aliyegeuka jemadari, anayetegemea zaidi mazoezi na mbinu kuliko dawa. Mshike mkono umweke karibu na Kinjeketile, ndipo utaona mmoja anavyomfafanua mwenzake. Jedwali limewatenga, kila mmoja na kisanduku chake, kama wagonjwa wa wodi ya kifua kikuu. (Wake zao hawakupata hata kisanduku, ingawa njaa ya nyumbani tunaisikia kwao.)

Najua walimu wanabanwa: darasa limejaa, vitabu havitoshi, mtihani unakaribia. Silaumu anayetumia muhtasari. Nalaumu gazeti linalochapisha majibu pale ambapo lingeweza kuchapisha maswali.

Naomba toleo lijalo liwaulize vijana swali moja tu. Mwishoni, Kitunda anamsihi Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na yeye anakataa, ingawa hana tena uhakika na dawa yake. Anakataa kwa sababu gani, na anamfikiria nani anapokataa? Waandike kurasa mbili bila jedwali, nanyi mchapishe majibu matatu yanayopingana. Nitanunua nakala ya mjukuu na ya kwangu.

Mwalimu mstaafu,
Utete, Rufiji