Shemeji, kahawa nililipa, lakini mjadala haujaisha

Shemeji,

Najua barua hii itakukuta kwenye foleni ya Tunduma, umeegemea usukani, tingo kalala, wewe unaperuzi simu. Ndiyo maana naiandika hadharani. Nikikupigia hupokei, ila mtandaoni hukosi.

Habari za safari? Huku Dar joto ni lile lile. Dada yangu hajambo, watoto wanakuulizia.

Nimekuja kwa lile la kijiweni. Wiki mbili zimepita na muuza kahawa bado akiniona kwa mbali anagonganisha vikombe na kuita, "Sudan!" Kijiwe kizima kinaangua kicheko. Nilisema Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Atlasi yetu ya shule haikuwa na jalada, lakini Sudan ilikuwemo, nzima, rangi ya njano kutoka Misri mpaka Uganda. Wewe ukasema "Algeria" bila hata kuinua macho kwenye bao. Nikaweka dau. Vikombe tisa, na kashata juu yake.

Ulinishinda kihalali. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ilijitenga, na Sudan iliyokuwa na kilomita za mraba kama milioni 2.5 ikabaki na chini ya milioni 1.9. Algeria yenye milioni 2.38 ikapanda kileleni bila kuongeza hata kiwanja kimoja. Na sehemu kubwa ya hicho inachoringia ni Sahara. Hiyo Kongo unayopeleka mizigo iko nyuma yake kwa kilomita za mraba kama 37,000 tu.

Hayo yamekwisha. Ila uliponiona nimenywea ukaongeza: "Dunia nzima ni Urusi, Kanada, Uchina, Marekani. Hiyo haina mjadala." Hapo ndipo uliponinyima usingizi.

Urusi sawa. Ina milioni 17.1, unapanga Tanzania 18 na bado unabaki na chenji. Lakini Kanada, shemeji, imepewa nafasi ya pili na maziwa yake. Kwenye ile karibu milioni 10 yake, kama 890,000 ni maji, yaani inakaribia Tanzania nzima. Ukipima nchi kavu peke yake, Kanada inateremka hadi ya nne, nyuma ya Uchina na Marekani. Nao hao wawili wanagombea nafasi yao kwa hesabu hizo hizo, maana Marekani inapanda au kushuka kutegemea kama umejumlisha maji ya pwani. Usiwacheke. Na sisi tukiitaja Tanzania tunahesabu humo karibu nusu ya Ziwa Victoria, na hakuna anayelalamika.

Sasa nije kwenye lugha yako. Wewe nchi huipimi kwa kilomita za mraba, unaipima kwa siku. Unajua mteremko wa Kitonga nyuma ya lori lililokata breki, unajua ukikwama mizani umepoteza jua zima. Basi chukua reli yetu ya TAZARA, kutoka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Treni ya Moscow kwenda Vladivostok inakwenda kilomita 9,289. Hiyo ni TAZARA tano zilizounganishwa, karibu wiki nzima ndani ya behewa, na muda wote huo hujatoka Urusi wala hujagonga muhuri popote.

Na huko Siberia kuna mji unaitwa Yakutsk ambao nimeusoma mpaka usiku wa manane kwa ajili yako. Ardhi yake chini imeganda mwaka mzima, kiangazi inayeyuka juu juu tu. Majengo yameinuliwa juu ya nguzo. Ungedhani ni kama watu wa Jangwani wanaokimbia mafuriko ya Msimbazi, kumbe wenzetu wanaogopa joto la nyumba lisiyeyushe udongo, jengo likaanza kuzama. Mji uko kando ya mto Lena, na kwa miaka yote umeishi bila daraja. Kiangazi magari yanavushwa kwa pantoni. Baridi ikikolea mto unaganda, na malori yanapita juu ya maji yenyewe. Barafu ikiwa nyembamba, mwenye mzigo mkubwa anasubiri. Ikinenepa, wanaruhusu tani zaidi. Mizani yao ndiyo hiyo. Halafu kuna majuma ya katikati, barafu haijakomaa au imeanza kupasuka, ambapo si pantoni wala lori linalopita. Nilikuwaza wewe pale na semi-trela yako unavyobishana na askari kuhusu unene wa barafu.

Brazili na India nazipita, hazina ugomvi. Australia ungeipenda. Ina malori yanayovuta trela tatu kwa mpigo, mengine yanafika mita 53, na kwenye barabara ya Eyre kuna kipande cha kilomita 146 kisicho na kona hata moja. Ni kama utoke Ubungo na usukani usiuguse mpaka umeshaipita Chalinze. Bila foleni ya Kibaha, bila mchuuzi wa korosho dirishani. Kwa kweli sijui kama ungeweza kukaa macho.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni saa. Ukivuka Tunduma kuingia Zambia unarudisha saa moja nyuma, hilo hulikosei. Kongo peke yake ina saa mbili tofauti, Lubumbashi na Kinshasa haziendi pamoja. Uchina, ambayo ni kubwa kama Kongo nne, rasmi ina saa moja tu, ya Beijing, mashariki mpaka magharibi. Kwa hiyo Kashgar, huko mwisho kabisa, mwezi Januari jua linachomoza baada ya saa nne asubuhi! Sisi Waswahili tunaohesabu saa tangu alfajiri tungechanganyikiwa. Saa nne hapa watu washakunywa chai na chapati, kule ndiyo kwanza jogoo anawika. Nasikia wenyeji wengi wana saa yao ya mtaani, nyuma ya ile rasmi kwa saa mbili, na mtu akikuahidi kitu inabidi uulize kwanza, saa ipi?

Basi, shemeji, ukirudi Jumamosi nikute kijiweni. Nitakuuliza mbele ya watu wote: ni nchi gani duniani yenye kanda nyingi zaidi za saa? Utajibu Urusi, utasema zipo 11, na utaweka dau kwa sauti ile ile uliyoniwekea ya Algeria.

Ninyi wengine mnaosoma, nawaomba mnyamaze. Ni Ufaransa. Ukijumlisha visiwa na makoloni yake ya zamani yaliyobaki chini yake, kuanzia Pasifiki hadi Karibi na Bahari ya Hindi, zinafika 12. Naiweka hapa chini kwa sababu namjua shemeji yangu. Hajawahi kusoma kitu mpaka mwisho.