Malalamiko ya kulazimishwa kununua kifurushi kizima kwa ajili ya chaneli moja

Kihonda, Morogoro
17 Februari 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: KUNYIMWA CHANELI YA MICHEZO HADI NIPANDISHE KIFURUSHI

Mimi ni mteja wenu tangu mwaka 2016, na namba ya kadi yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Jumamosi ya tarehe 11 Januari niliketi kutazama mpira kama kawaida, nikakuta kwenye kioo maandishi yanayosema kuwa chaneli hiyo haimo katika kifurushi changu, ilhali nilikuwa nimelipa shilingi 23,000 siku 6 tu kabla yake na sikuwa nimepata ujumbe wowote wa kunitahadharisha. Nilipopiga simu, mhudumu, ambaye alizungumza nami kwa adabu na sina neno naye, alinieleza kuwa chaneli imehamishiwa kifurushi cha juu cha shilingi 44,000. Nilimwomba niilipie hiyo moja pekee, kwa bei yoyote mtakayoipanga, nikajibiwa kuwa mfumo hauruhusu.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa si la kweli. Mawimbi ya chaneli zenu zote hushuka kutoka kwenye setilaiti hadi kwenye dishi la kila mteja, aliyelipa na asiyelipa. Chaneli hizo huja zikiwa zimefungwa, na kadi iliyomo ndani ya king'amuzi ndiyo inayopokea idhini ya kufungua hii na kuiacha ile. Ndiyo maana mliweza kuifunga chaneli moja ndani ya nyumba yangu bila kumtuma fundi, na zile nyingine zikabaki wazi. Mtambo unaoweza kufunga moja hauwezi kushindwa kufungua moja. Mngeniambia kuwa hamtaki, tungekuwa na jambo la kuzungumza.

Sababu ya kutotaka naielewa, na naomba niieleze ili msinijibu kwa lugha ya matangazo. Chukulia kuwa mimi niko tayari kulipa 20,000 kwa ajili ya michezo na 6,000 kwa ajili ya tamthilia, na jirani yangu ni kinyume changu: 20,000 kwa tamthilia na 6,000 kwa michezo. Mkiuza kila moja peke yake kwa 20,000, mimi nitanunua michezo tu na yeye tamthilia tu, nanyi mtapata 40,000. Mkishusha bei hadi 6,000 ili kila mmoja wetu anunue zote mbili, mtaambulia 24,000. Lakini mkizifunga pamoja kwa 26,000, sote wawili tutalipa, nanyi mtakusanya 52,000. Kwa kuwa kuniongezea chaneli ambayo tayari imeshafika kwenye dishi langu hakuwagharimu mawimbi mapya, tofauti hiyo karibu yote ni yenu. Mwanauchumi George Stigler alieleza hesabu ya namna hii mwaka 1963, akizungumzia makampuni ya filamu, na sioni aibu kukiri kuwa ni hesabu nzuri.

Kasoro yake ni kwamba inamtegemea mteja ambaye kila kitu kina thamani kidogo kwake. Nyumbani kwangu tunaishi wawili, mimi na mama yangu mzazi. Mama hutazama taarifa ya habari, mahubiri ya Jumapili na tamthilia moja ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mimi hutazama mpira. Niliweka daftari karibu na rimoti kwa mwezi mzima, na kati ya chaneli zaidi ya 80 zilizo wazi, tulizotazama hata kwa nusu saa zilikuwa 6. Zilizobaki thamani yake kwetu si ndogo, ni sifuri. Na hizo nyingine mnazotaka nizilipie huko kwenye kifurushi cha juu, zikiwemo za katuni katika nyumba isiyo na mtoto, ni sifuri pia. Kwa mtu kama mimi, ile 26,000 ya mfano wangu haileti mauzo. Inamfukuza mteja aliyekuwa tayari kutoa 20,000.

Najua pia kwamba nanyi mnafungiwa mizigo. Wenye chaneli kubwa huwauzia ile inayotakiwa kwa sharti la kuchukua na ndugu zake, tena kwa malipo yanayohesabiwa kwa kila mteja wa kifurushi, atazame asitazame. Biashara hiyo ni ya zamani: mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia wasambazaji wa filamu waliokuwa wakivilazimisha vituo vya televisheni kununua filamu dhaifu ili wapate nzuri. Basi ikiwa mkataba wenu ndio unaowafunga mikono, semeni ni mkataba, msiusingizie mfumo.

Wala siamini kuwa chaneli moja ingeuzwa kwa 44,000 kugawanywa kwa idadi ya chaneli, kama wengi wanavyopiga hesabu barazani. Ikitoka peke yake itapanda bei, na chaneli ndogo ambazo leo zinabebwa na mpira huenda zikafa. Kanada iliwataka watoa huduma kuanza kuuza chaneli mojamoja ifikapo Desemba 2016, na India, kuanzia 1 Februari 2019, ikataka kila chaneli ya kulipia itangazwe bei yake na mteja awe na haki ya kuichukua peke yake. Wapo waliookoa fedha, na wapo waliolalamika kuwa bili zilipanda. Lakini walichagua wenyewe, wakiwa wanaiona bei.

Jumamosi ile nilimaliza siku kwenye kibanda umiza cha mtaani, nikalipa shilingi 1,000 kwa mechi moja. Mwenye kibanda (najua hampatani naye) ana jenereta, benchi nane na mtoto wa kupokea fedha mlangoni, na anaweza kuuza mechi moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, niruhusiwe kubaki na kifurushi cha 23,000 na kuiongeza chaneli ya michezo kwa bei mtakayoitaja waziwazi, hata ikiwa 12,000. Pili, nirudishiwe thamani ya siku ambazo chaneli haikuwepo katika mwezi niliokwisha kuulipia, kwa kuwa nililipia kifurushi chenye chaneli hiyo, na aliyepunguza bidhaa baada ya kupokea fedha si mimi. Tatu, mkihamisha chaneli siku nyingine, mtupe taarifa kabla ya tarehe ya malipo.

Naomba jibu la maandishi, na likichelewa nitapeleka nakala ya barua hii, pamoja na risiti na daftari langu, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kifurushi nilicholipia mwezi huu kinaisha tarehe 5 Machi. Nitalipia tena baada ya kupata bei ya ile chaneli.

Wenu katika huduma,

Mteja wa Kihonda