Kuhusu ile bunduki ya mwanao

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku sote wazima, na mama anakuulizia kila mara. Picha ya Idi na bunduki yake ya kuchezea imefika, na swali lako nimelisoma: kwa nini vijana wote wa huko wanataka karabini, na je, umruhusu? Unanijua mimi na historia ya silaha, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Karabini ni bunduki iliyofupishwa mtutu ili mbebaji apate nafasi. Walioihitaji kwanza ni askari wa farasi, maana mkono mmoja umeshika hatamu na mtutu mrefu unakwama kila mahali. Hasara yake ni kwamba risasi hutoka na kasi ndogo zaidi, na mlio unakuwa mkali. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wapanda farasi wengi wa Kaskazini walibeba karabini ya Spencer. Risasi zake 7 zilikaa kwenye bomba ndani ya kitako: unashusha wenzo kwa chini, unaurudisha, unavuta nyundo kwa kidole gumba, unafyatua. Wakati huo adui yao wengi walikuwa bado wanashindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu.

Lakini ninayoiheshimu zaidi ni karabini ya M1 ya mwaka 1941. Farasi walikuwa wanaondoka vitani, ila jeshi la Marekani lilikuwa na madereva wa malori, wapiga mizinga na mafundi wa redio. Bunduki ya kawaida, Garand, ilikuwa na kilo 4.3, nani atatengeneza redio na mzigo huo mgongoni? Bastola nayo inataka mazoezi mengi ndipo umpate mtu wa mbali. Wakapewa karabini ya kilo 2.4 hivi, yenye risasi 15. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, nyingine na viwanda ambavyo havijawahi kugusa silaha: IBM, Underwood wa taipureta, hata Rock-Ola waliotengeneza masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu bunduki ilipimwa kwa kazi ya mwenye kuibeba.

Baadaye karibu kila askari akawa mtu wa kuingia na kutoka kwenye magari, helikopta na vyumba. Mwaka 1994 jeshi la Marekani likapokea karabini ya M4, mtutu wa inchi 14.5 na kitako kinachorefushwa na kufupishwa. Ndiyo anayoiona Idi kwenye habari na kwenye michezo ya video.

Hizi za kuchezea zilianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia kumiliki bunduki halisi ni shida kubwa. Mwaka 1991 Tokyo Marui wakatoa ya kwanza ya umeme ya aina inayotumika hadi leo: betri inazungusha mota, mota inavuta pistoni na springi, springi ikiachiwa hewa inasukuma kidonge cha plastiki cha milimita 6. Mchezo wenyewe, wa kulengana kwa vidonge hivyo, naupenda. Watoto wanakimbia, wanapanga mbinu, na aliyepigwa anatoka mwenyewe bila kulazimishwa. Mradi wavae miwani ya kukinga macho, mruhusu.

Ila Hamisi, wewe uko Ohio, Marekani. Hukohuko, Cleveland, Novemba 2014, polisi walimpiga risasi Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, akiwa na bastola ya kuchezea ya aina hiihii. Ile ncha ya rangi ya chungwa, inayoonyesha kuwa bunduki ni ya kuchezea, ilikuwa imetolewa. Polisi alifyatua sekunde chache tu baada ya gari kufika. Idi ana miaka 14 na ni mrefu kukuzidi.

Nimeikuza picha yako: ncha ya mtutu ni nyeusi tupu. Kama ameitoa au ameipaka rangi, irudishwe leo. Bunduki isafiri ndani ya begi lililofungwa, kwenye buti la gari, na isitolewe mpaka wafike uwanjani. Uani, dirishani, barazani, hapana kabisa, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Na majirani zako uwaambie kijana anacheza nini.

Nijibu mapema kuhusu hiyo ncha. Msalimie shemeji na watoto.

Nduguyo,
Bakari